Pawa saplai ya "500W" iliyokuja na kesi inatosha kuendesha RX 580? (Mtwara)

#1 Mtu_wa_Chuno
Wakuu heshima kwenu. Niko Mtwara mjini, kazi yangu kupiga na kuhariri video za harusi na maulidi. Laptopu ninayotumia imefika mwisho, video ya saa moja inakesha usiku kucha na asubuhi bado haijaisha. Kwa hiyo nimekuwa nanunua vifaa vya kompyuta ya mezani kidogokidogo, nikilipwa kazi naongeza kimoja.

Mpaka sasa ninavyo: prosesa Core i5-12400F, mazabodi ya H610, RAM 16GB, SSD ya 500GB na kadi ya grafiki ya mtumba, RX 580 ya 8GB. Kesi nimeinunua ikiwa na pawa saplai yake ndani, ubavuni imeandikwa 500W kwa maandishi makubwa mekundu.

Muuzaji kaniambia inatosha na inabaki. Fundi wa mtaani kwetu kaniambia nisithubutu kuwasha bila ya 750W. Mfukoni imebaki laki na nusu na msimu wa harusi unabisha hodi. Naomba kujua: hii inatosha au haitoshi? Kama haitoshi, nichukue ya wati ngapi? Na ya wati nyingi haitanimalizia LUKU?

#2 Mkaa_Shangani
Naweka kambi hapa. Wataalamu waje.

#3 RuangwaMoja
Inatosha mkuu, usitishwe. Mimi natumia ya kesi hivyohivyo, imeandikwa 500W, ina i5 ya kizazi cha nne na GTX 1050 Ti. Nacheza gemu za mpira mpaka usiku wa manane na haijawahi kuzima. Mafundi wanataka kuuza tu.

#4 FundiLigula
RuangwaMoja unamtafutia mwenzio moto.

Mleta mada, achana na hayo maandishi mekundu. Ubavuni mwa pawa saplai kuna lebo yenye jedwali. Tuandikie hapa ampea zilizo chini ya +3.3V, +5V na +12V. Hasa hiyo ya 12V. Bila hizo tutakuwa tunapiga ramli.

#5 Mtu_wa_Chuno
Nimeifungua nikasoma. Inasema hivi:
+3.3V 22A
+5V 25A
+12V 16A
-12V 0.5A
+5VSB 2A
Umeme wa kuingia 115/230V. Alama ya 80 Plus (ya ufanisi) sijaiona. Nyuma kuna swichi ndogo nyekundu, inaonyesha 230.

#6 BintiMtanda
Samahani kaka, umefungua kesi au umefungua pawa saplai yenyewe? Kama ni yenyewe, rudisha skrubu na usiiguse tena. Kapasita kubwa ya mle ndani inakaa na volti zaidi ya 300 za moja kwa moja, na inaweza kubaki nazo hata ukishachomoa waya ukutani.

#7 Mtu_wa_Chuno
Kesi tu dada. Lebo iko nje.

#8 FundiLigula
Vizuri. Sasa tuhesabu. 12 mara 16 ni 192. Hiyo ndiyo pawa saplai uliyonunua, ya wati 192, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki karibu chakula chao chote wanakipata kwenye 12V.

i5-12400F Intel wenyewe wameiandikia wati 65 za kawaida, ikikaza inafika 117. RX 580 ni wati 185. Jumla 302. Gawa kwa 12 unapata ampea 25 na kidogo. Wewe una 16. Hapo feni, SSD na mazabodi yenyewe sijavigusa.

Kuwasha itawaka. Utaingia kwenye skrini ya mwanzo ya kompyuta, utafungua faili, utasema fundi kanidanganya. Siku ukibonyeza kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, ndiyo utajua.

#9 Ampea_Kumi
Na hata ukijumlisha kila kitu kwenye hiyo lebo: 3.3V inatoa 72.6, 5V inatoa 125, 12V inatoa 192, halafu 6 na 10 za hizo mbili za mwisho. Jumla 405.6. Hiyo 500 imetoka wapi? Lebo yenyewe inapingana na maandishi mekundu.

#10 Mwalimu_wa_Fizikia
Ampea_Kumi hesabu yako ni sahihi, ila hata hiyo 405 usimpe. Mstari wa 3.3V na wa 5V hugawana kikomo kimoja. Kwenye lebo ya kampuni makini utakuta wameandika chini yake kwamba hiyo miwili kwa pamoja isizidi wati kadhaa. Hii haikuandika. Kwa hiyo namba halisi iko chini zaidi.

Kwa nini zinatengenezwa na 5V kubwa na 12V ndogo? Zamani prosesa zilikuwa zinalishwa kutoka kwenye 5V. Mwaka 2000 kikaja kiwango cha ATX12V chenye plagi ya pini nne kwa ajili ya prosesa, mzigo ukahamia 12V na haujarudi. Hizi za bei ya chini nyingi ni ramani ya zamani ndani ya bati jipya.

#11 RuangwaMoja
Sawa walimu, nimesoma. Ila hamjanijibu. Yangu mbona inapiga kazi?

#12 BintiMtanda
Kwa sababu 1050 Ti yako ni wati 75 tu na nyingi hazina hata plagi ya waya, zinachota zote kwenye tundu la mazabodi, na tundu hilo mwisho wake ni hizo 75. i5 ya kizazi cha nne kama 4570 ni 84. Jumla 159, kama ampea 13. Uko ndani ya mstari. Mwenzio ana kadi yenye plagi ya pini nane, na plagi hiyo peke yake inaruhusiwa kuvuta 150 juu ya zile 75 za tundu. Hamfanani.

Na kwa mleta mada, hiyo swichi nyekundu ibandike gundi ya plastiki leo. Nina duka la stationeri hapa Lindi. Kijana anayenisaidia alikuwa anafuta vumbi nyuma ya kompyuta, kitambaa kikaisukuma swichi ikahamia 115. Umeme wetu ni 230. Asubuhi nimebonyeza tu, ukasikika mlio mmoja kama pasi imeanguka, ofisi nzima ikanuka, na kwenye matundu ya feni ya nyuma kikatokeza kipande cha karatasi ya fedha ya kapasita kimejikunja. Bahati mazabodi ilipona. Zenye kujirekebisha zenyewe, zilizoandikwa 100–240V, hazina swichi hiyo kabisa.

#13 Mzee_Korosho
Vijana salamu kutoka Newala. Huyu binti amegusa jambo ambalo nyote mmeliruka. Mnahesabu kinachotoka, hamuulizi kinachoingia. Mimi nina maltimita imekaa ukutani. Mchana tundu langu linasoma 225, 230. Ikifika saa moja jioni, watu wamerudi, pasi na majokofu na mashine ya kusaga ya jirani, inashuka mpaka 180 na chini yake. Pawa saplai ya swichi mara nyingi hapo inaanza kuyumba. Ile ya 100–240 haijali, inavuta ampea nyingi zaidi ukutani na kazi inaendelea.

Kwa hiyo kijana wangu wa Chuno, kabla ya wati soma kwanza mstari wa umeme wa kuingia.

#14 Mkaa_Shangani
Shikamoo mzee. Na mnada wa korosho huko umefikia ngapi?

#15 Mzee_Korosho
Marahaba. Mambo ya stakabadhi ghalani yana uzi wake, nenda kule tutaonana.

#16 KilwaKivinje
Mzee kwa heshima, umeme mdogo Mtwara? Gesi mnayo mlangoni, Mnazi Bay hapo, Madimba hapo. Tangu bomba lifunguliwe 2015 si mna umeme wa kumwaga?

#17 Mwalimu_wa_Fizikia
Unachanganya mambo mawili. Bomba la 2015 lilikuwa la kupeleka gesi Dar. Mitambo ya gesi ya Mnazi Bay ilikuwa inawasha Mtwara na Lindi kabla ya bomba hilo, na mikoa hii ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa ikijitegemea. Na kwenu Kilwa gesi ya Songo Songo inakwenda Dar tangu 2004.

Lakini hata ungekuwa na mtambo uani kwako, volti ya tundu lako inategemea uko umbali gani na transfoma, waya wa mtaani una unene gani na mmejiunga nyumba ngapi. Nyumba ya mwisho kwenye mstari hupata umeme uliokwisha choka. Gesi haihusiki hapo.

#18 KilwaKivinje
Nimekupata. Ila gesi ya kwetu ndiyo ya kwanza, hilo liandikwe.

#19 Mkaa_Shangani
Mnazi Bay wamegundua 1982.

#20 KilwaKivinje
Na Songo Songo 1974. Kaa chini.

#21 Mtu_wa_Chuno
Wakuu mnanipeleka mbali, narudi kwenye mfuko wangu. Basi nichukue ya ngapi? Fundi kasema 750. Na LUKU hamjanijibu.

#22 FundiLigula
Prosesa na kadi 302. Ongeza 50 za mazabodi, RAM, SSD na feni. Tufanye 350. Acha nafasi, maana hutaki kitu kifanye kazi ukingoni saa tano mfululizo kwenye joto la hapa. Chukua 500 au 550 ya kweli. Ya kweli maana yake lebo ionyeshe 12V yenye ampea 38 kwenda juu. AMD nao kwa RX 580 walishauri 500. 750 si kosa, ila kwa laki na nusu utapata 750 ya uongo, na 750 ya uongo inashindwa na 450 ya kweli. Mwambie huyo fundi wako akuonyeshe ampea.

#23 Mwalimu_wa_Fizikia
Kuhusu LUKU: pawa saplai kubwa haili umeme kwa ukubwa wake. Mashine ikihitaji wati 250, ya 550 na ya 750 zote zitatoa 250. Kinachokula LUKU ni upotevu wa njiani. Chukua mashine ya wati 250, saa sita kwa siku. Pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 70 itavuta ukutani 357. Yenye 85 itavuta 294. Tofauti ni wati 63, kwa mwezi ni kama yuniti 11. Hizo 63 zinageuka joto ndani ya kesi yako, na feni inafanya kazi ya ziada kulitoa. Kwa hiyo kilichopo sasa ndicho kinachokula LUKU zaidi.

#24 RuangwaMoja
Basi anunue yenye 80 Plus Bronze amalize. Hiyo haiungui.

#25 Ampea_Kumi
Hapana, hapo umeteleza. 80 Plus inapima ufanisi peke yake, umeme unaoingia na unaotoka. Haipimi kama ina kinga ya shoti, haipimi kapasita zitadumu, haipimi itastahimili vipi umeme ukikatika na kurudi. Bronze kwenye kipimo cha volti 115 ni asilimia 82, 85, 82 kwa mzigo wa 20, 50 na 100. Basi. Ni dalili nzuri kwa sababu mtengenezaji alijisumbua kupeleka bidhaa ikapimwe, ila si bima. Na stika ya 80 Plus inachapishwa na yeyote mwenye printa.

#26 RuangwaMoja
Leo mmenishika. Ngoja Namungo icheze nipumzike.

#27 Masasi_Njia_Panda
Nimepita kimya nikaona niseme. Kwa nini asiuze hiyo RX 580 akachukua GTX 1650? Ile ni wati 75 kama 1050 Ti, nyingi hazina plagi ya waya, na NVIDIA wenyewe wanasema pawa saplai ya 300 inatosha. Mwenye bajeti ya kubana apunguze mzigo badala ya kukuza pawa saplai. Mimi nilichukua mashine ya ofisi ya mtumba, nikaiwekea 1650 na ile pawa saplai yake ya kiwandani ya wati 290, nahariri nayo matangazo.

#28 FundiLigula
Wazo la maana kabisa, na zile za kiwandani za mashine za ofisi ni za kuaminika. 290 ya kule ni 290 kweli.

#29 BintiMtanda
Naunga mkono kwa asiye na kitu bado. Ila huyu RX 580 ameshalipia na 8GB inamsaidia kwenye video. Akiuza leo atauza kwa hasara. Uamuzi ni wake.

#30 Mtu_wa_Chuno
Mrejesho. Jana jioni uvumilivu ulinishinda, nikaunganisha na hii ya kesi nione. Imewaka vizuri, nimeweka programu zote. Nikaanza kurenda video ya dakika kama tano. Ikafika katikati, tap! Imezima yote, kama imechomolewa. Haikuonyesha kioo cha buluu wala ujumbe. Nikibonyeza haiwaki mpaka nichomoe waya nisubiri kidogo. Imejirudia hivyohivyo.

#31 FundiLigula
Hiyo ni kinga ya kuzidiwa imeshika. Kuchomoa ndiko kunaiachia. Ishukuru, nyingi za aina hiyo hata kinga hazina. Usirudie.

#32 KilwaKivinje
Swali: ulichomeka ukutani au kwenye UPS (kile kifaa cha betri ya akiba)?

#33 Mtu_wa_Chuno
UPS. Ya 650VA.

#34 KilwaKivinje
Nilijua! Wote mmekimbilia pawa saplai. UPS ya 650VA haina wati 650. Nyingi ni 360 mpaka 390. Mashine ikivuta 350 ndani, ukigawa kwa ufanisi wa 70 ukutani inatakiwa 500. UPS imezidiwa ikakata. Hata akinunua hiyo 550 yenu ya Bronze atavuta zaidi ya 400 na UPS itakata tena. Mnamtia gharama bure.

#35 FundiLigula
UPS ikizidiwa hupiga kelele kwanza. Ilipiga?

#36 Mtu_wa_Chuno
Nilikuwa nimevaa hedifoni.

#37 Mzee_Korosho
Na ilikuwa jioni. Saa ngapi kijana wangu?

#38 Mtu_wa_Chuno
Kama saa mbili usiku mzee.

#39 Mzee_Korosho
Basi. Saa mbili ndiyo saa ya umeme mdogo. Chomeka ukutani moja kwa moja mchana kisha jioni, utuletee majibu.

#40 Ampea_Kumi
Mimi naongeza la nne. Hizo 185 za RX 580 ni wastani. Kadi inapobadilisha kazi ghafla inaruka juu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kisha inashuka. Maltimita haioni, ila kinga ya pawa saplai inaona. Ndiyo maana kiwango cha ATX 3.0 cha 2022 kilitaka pawa saplai zistahimili mpaka mara mbili ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100. Kwa hiyo hata mwenye hesabu nzuri ya wati anaweza kuzimiwa.

#41 BintiMtanda
Na la tano: kadi ni ya mtumba, na RX 580 nyingi za mtumba zimetoka kwenye kuchimba sarafu za kidijitali. Pasta ya joto imekauka, feni zimechoka. Kaka, ilikuwa inasoma nyuzijoto ngapi kabla ya kuzima? Kadi ikipita kiasi nayo hujikata.

#42 Mtu_wa_Chuno
Sikuangalia joto. Ila nimefanya alivyosema mzee. Mchana, ukutani moja kwa moja, bila UPS: imerenda mpaka mwisho. Jioni, ukutani moja kwa moja: imezima, ila imechelewa kuliko jana. Kabla haijazima joto la kadi lilikuwa 84.

#43 KilwaKivinje
Bila UPS imekwenda mpaka mwisho. Nashukuru.

#44 Mzee_Korosho
Mchana imekwenda, jioni imezima. Nashukuru na mimi.

#45 FundiLigula
Na zote mbili ilikuwa ileile ya ampea 16. Mchana ilijikaza. Akiiendesha hivyo wiki nzima haitajikaza tena.

#46 BintiMtanda
84 kwa RX 580 ni moto mwingi kwa kadi inayorenda video fupi. Safisha, badilisha pasta.

#47 Ampea_Kumi
Kuna jaribio la bure. Ingia kwenye programu ya AMD, punguza kikomo cha nguvu cha kadi kwa asilimia 30 hivi. Renda jioni, ukutani. Isipozima, pawa saplai ndiyo mkosaji.

#48 Mtu_wa_Chuno
Nimefanya. Haijazima. Imekwenda mpaka mwisho jioni, kasi imepungua kidogo tu.

#49 Ampea_Kumi
Imekwisha hiyo kesi.

#50 Mwalimu_wa_Fizikia
Haijaisha. Ukipunguza nguvu ya kadi umepunguza vitu vyote kwa pamoja: mzigo kwenye 12V, ampea zinazovutwa ukutani wakati volti iko chini, joto la kadi, na ile miruko uliyoitaja #40. Jaribio lako linaonyesha kwamba mzigo ukishuka tatizo linaondoka. Halituambii kiungo gani ndicho kilichokuwa kinakatika.

Cha kutenganisha ni kuazima pawa saplai ya uhakika kwa mtu, uiweke kwenye mashine hiyohiyo, jioni, ukutani, kikomo cha nguvu kirudi kama kilivyokuwa. Kadi ikisoma 84 na isizime, joto halikuwa lenyewe.

#51 Mkaa_Shangani
Naweza kumwazima yangu, niko Shangani, ni ya 600W. Ila aje aichukue mwenyewe na ming'oko mkononi.

#52 FundiLigula
Ina ampea ngapi kwenye 12V?

#53 Mkaa_Shangani
Inasema +12V1 18A na +12V2 18A. Kwa hiyo 36.

#54 Ampea_Kumi
Taratibu. Mistari miwili ya 12V haijumlishwi hivyo. Angalia chini kama wameandika jumla ya 12V kwa wati. Mara nyingi inakuwa chini ya hizo mbili zikijumlishwa.

#55 Mkaa_Shangani
Imeandikwa 360W kwa 12V.

#56 FundiLigula
Ampea 30. Kwa kujaribu inafaa. Mpe.

#57 Mtu_wa_Chuno
Ming'oko ipo. Nakufuata PM mkuu.

Wakati huohuo nimeongea na muuzaji Kariakoo, ananitumia kwa basi 550W ya Bronze, umeme wa kuingia 100–240V. Amenipigia picha ya lebo: 12V ampea 45. Kuna la kuangalia zaidi kabla sijatuma hela?

#58 FundiLigula
45 mara 12 ni 540 kati ya 550. Huyo anakuuzia pawa saplai. Muulize mambo mawili tu: waya wa prosesa una pini nane (4+4), na urefu wake unafika juu ya mazabodi ukiupitisha nyuma ya bati? Waya wa kadi ni 6+2 halisi, unatoka kwenye pawa saplai yenyewe? Asije akakupa adapta ya kutoka SATA kwenda pini nane. Plagi ya SATA inabeba ampea 4.5 kwenye 12V, wati 54, na kadi inaomba mpaka 150 hapo. Nimeshabadilisha plagi za namna hiyo zikiwa zimeyeyuka na kugandana, unakata kwa koleo.

Ikifika, kabla ya kufunga kitu chochote ichomeke peke yake, unganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi ya pini 24, feni izunguke. Pima 12V: iwe kati ya 11.4 na 12.6. Basi la kutoka Dar linarukaruka, kuna vitu vinafika vimelegea.

#59 BintiMtanda
Na mwambie aifunge kwenye nailoni ndani ya boksi. Mwaka 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara ilipokatika, mizigo ya watu ilikaa njiani na mvua. Ukiweka na kile kikinga cha jokofu kinachochelewesha umeme ukirudi, utaiokoa zaidi, maana umeme unaporudi kwa kishindo ndiyo unaua.

#60 KilwaKivinje
Sawa, nunueni. Ila akichomeka hiyo kwenye UPS ya 650VA na ikazima, uzi huu nitaufufua.

#61 Mwalimu_wa_Fizikia
Hapo nakubaliana nawe kwa kazi ya kurenda. Na kuna jingine: pawa saplai nyingi nzuri zina saketi ya kurekebisha mkondo, na baadhi hugombana na UPS za bei ya chini ambazo umeme wake si wimbi laini. UPS ikihamia betri, mashine inazima ingawa wati zinatosha. Akiipata, ajaribu kuchomoa UPS ukutani wakati hakuna kazi ya maana imefunguliwa.

#62 Mzee_Korosho
Na apime volti jioni ikiwa na mzigo, siyo tupu. Nasubiri hiyo namba.

#63 Masasi_Njia_Panda
Samahani mleta mada nadandia uzi. Ile mashine yangu ya ofisi ni Dell OptiPlex 9020 ya mnara. Nami nikitaka kuweka RX 580 nikanunua 550 kama hiyo, itaingia?

#64 FundiLigula
Kwa plagi haitaingia moja kwa moja. Mazabodi ya 9020 ina plagi ya pini nane ya Dell wenyewe, siyo ile ya 24. 7010 ya kabla yake ndiyo ilikuwa na 24 ya kawaida. Kuna adapta ya 24 kwenda 8, zinapatikana Kariakoo, ila hakikisha imeandikwa ni ya Dell, maana HP nao wana zao na pini hazifanani. Halafu pima kwanza nafasi, RX 580 nyingi ni ndefu na kwenye mnara ule zinagonga sehemu ya diski. Tuma picha ya ndani ukiwa umeweka rula.